Kutoka Uchagani hadi Uani: Historia Fupi ya Babekyu na Tatizo la Kuitafsiri

Wanafunzi wa somo la tafsiri wakikutana na neno babekyu katika matini ya Kimarekani, wengi huandika "nyama choma" na kuendelea na sentensi inayofuata. Hapa Uganda wapo wanaoandika "muchomo", neno lililozaliwa na kitenzi chetu cha kuchoma, ambalo kila apitaye Wandegeya jioni hulijua kwa pua kabla ya kulisikia kwa sikio. Si tafsiri za kulaumiwa sana. Lakini zinaficha mambo mawili: namna nyama yenyewe inavyopikwa, na watu waliokesha wakiipika. Makala haya yanajaribu kuyafichua yote mawili.

Tuanze na neno. Wahispania walilikuta katika visiwa vya Karibi kwa Wataino, na mwaka 1526 Gonzalo Fernández de Oviedo alikuwa amekwisha kuliandika barbacoa katika kitabu chake. Maana yake haikuwa nyama. Lilikuwa jina la jukwaa la fito lililoinuliwa juu ya nguzo. Juu yake mtu aliweza kulala, kuhifadhi nafaka, au kutandaza nyama na samaki huku moto mdogo ukifuka chini. Baharia Mwingereza William Dampier, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1697, bado analitumia neno hilo kwa maana ya kitanda cha fito alicholalia usiku.

Mwalimu wa Kiswahili akisoma habari hizi hawezi kukosa kukumbuka neno letu uchaga. Uchaga nao ni jukwaa la fito: la kuwekea nafaka, la kuwekea vyombo, na mafundi seremala hadi leo huziita mbao za kulalia godoro "chaga za kitanda". Lugha mbili zisizojuana zimetoa jina moja kwa kitanda na kwa ghala, kwa sababu mikono ilitengeneza kifaa kimoja. Tofauti ni kwamba kwa Wataino jina la kifaa lilihamia kwenye chakula. Kwetu halikuhama. (Na wale maharamia wa Karibi waitwao bukanea? Jina lao lilitokana na boucan, neno la Kifaransa lenye asili ya Amerika ya Kusini, lililotaja jukwaa la aina hiyo hiyo. Walianza kama wawindaji waliokausha nyama kwa moshi katika kisiwa cha Hispaniola. Wizi wa baharini ulikuja baadaye.)

Katika makoloni ya Waingereza, hasa Virginia na Carolina, jukwaa lilibadilika kuwa mtaro. Watu walichimba mtaro mrefu ardhini, wakachoma kuni pembeni hadi zikawa makaa, wakayasambaza mtaroni kwa koleo, kisha wakalaza juu yake nguruwe au kondoo mzima aliyechomekwa miti. George Washington ameandika katika shajara yake kwamba mwezi Mei 1769 alikwenda babekyu mjini Alexandria. Baadaye wanasiasa waligundua kuwa mpiga kura aliyeshiba husikiliza hotuba kwa uvumilivu zaidi, na mikutano ya kampeni ikawa haikosi mtaro wa nyama.

Washington hakuchimba mtaro. Kazi ya kuchimba, kupasua kuni, kuchinja na kukesha ilifanywa kwa kiasi kikubwa na Waafrika waliotiwa utumwani pamoja na vizazi vyao. Tunazo sauti zao, kwa sababu katika miaka ya 1930 serikali ya Marekani iliwatuma waandishi kwenda kuwahoji wazee waliokuwa wamezaliwa utumwani. Mmoja wao, Wesley Jones wa Carolina ya Kusini, alieleza jinsi alivyokuwa akikesha usiku kucha kabla ya sherehe. Alifunga kitambaa laini kwenye ncha ya kijiti kirefu, akawa anakichovya katika mchuzi na kuipangusa nyama mpaka mchuzi ukadondokea motoni. Akataja na vilivyomo: siki, pilipili nyekundu na nyeusi, chumvi, siagi, kitunguu, kitunguu saumu, giligilani na majani mengine ya kunukia. Hayo ni maelezo ya fundi, si ya kibarua. Anayejua vipimo na saa ndiye mwenye kazi, hata kama sherehe imeitwa kwa jina la bwana.

Baada ya utumwa kukomeshwa mwaka 1865, ufundi huo ulisafiri na wenyewe. Henry Perry, Mwamerika Mweusi aliyezaliwa karibu na Memphis, alianza kuuza nyama ya moshi Kansas City katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20 na akajiita mfalme wa babekyu. Charlie Bryant aliyefanya kazi kwake aliirithi biashara, na mwaka 1946 ikamfikia nduguye Arthur, ambaye jina lake lingali mlangoni mwa mkahawa mashuhuri wa mji huo.

Hapa ni lazima tueleze kwa nini kazi hii hukesha. Muchomo wetu hupikwa kwa moto mkali na kwa muda mfupi. Nyama hukatwa vipande na kuliwa ikiwa bado inatafunika kwa bidii. Babekyu ya kusini mwa Marekani huchukua sehemu ngumu za mnyama, kama kidari cha ng'ombe au bega la nguruwe, na kuziweka katika hewa ya moto wa nyuzi 110 hivi za Selsiasi kwa saa 10, 12 au zaidi. Ugumu wa sehemu hizo hutokana na kolajeni, nyuzinyuzi ambazo zikipata joto la kutosha kwa muda mrefu huyeyuka kuwa ute laini. Kuna wakati, nyama ikifika nyuzi 70 hivi ndani, joto lake hukataa kupanda kwa saa nyingi. Asiyejua hudhani moto umekufa, akaongeza kuni na kuharibu kila kitu. Kumbe nyama inatoa jasho, na jasho linaipoza kama linavyotupoza sisi. Wesley Jones hakuhitaji kipimajoto kulijua hilo.

Sasa tufike uani. Katika miaka ya 1920 kampuni ya Henry Ford, ikitumia mabaki ya mbao za magari huko Michigan, ilitengeneza vitofali vya mkaa na kuviuza kwa wenye magari wapendao matembezi. Aliyemsaidia kupata msitu, Edward Kingsford, alikuwa mume wa binamu yake, na mkaa huo baadaye ukachukua jina lake. Mwaka 1952, George Stephen, aliyefanya kazi katika kiwanda cha vyuma Chicago kilichotengeneza maboya, alichukua boya, akalikata katikati, akalipa miguu mitatu na kifuniko chenye matundu. Hilo ndilo jiko la Weber, lenye umbo la birika, ambalo upepo na mvua havikuliweza. Wale wasioridhika waliwaendea wachomeleaji, hasa Texas, wakageuziwa mapipa na mabomba ya mafuta kuwa majiko ya moshi yenye chumba cha moto pembeni.

Lakini ili uchome uani, sharti uwe na ua. Levittown, kitongoji mashuhuri kilichoanza kujengwa mwaka 1947 karibu na New York, kiliwapa maelfu ya familia za askari waliorudi vitani nyumba yenye bustani nyuma. Mikataba yake ya kwanza ilikataza nyumba hizo zisikaliwe na mtu asiye mzungu, isipokuwa mtumishi wa nyumbani. Wajukuu wa wale waliokesha kwenye mitaro waliweza kuingia katika ua huo kama watumishi tu. Wakati huohuo magazeti na matangazo yalikuwa yakimchora mchomaji wa Kimarekani kama baba mzungu mwenye aproni. Picha hiyo ilidumu. Mwaka 2021 mwanahistoria Adrian Miller alitoa kitabu kizima, Black Smoke, kurudisha majina yaliyoachwa nje.

Viungo navyo vimehifadhi ramani. Mashariki ya Carolina ya Kaskazini wangali na siki na pilipili, karibu kabisa na mchuzi wa Jones. Carolina ya Kusini huongeza haradali, iliyohusishwa na walowezi Wajerumani. Kansas City hupenda nyanya na molasi, nzito na tamu. Texas ya kati huona chumvi na pilipili manga zinatosha, na mimi naafikiana nao. Kuni pia zina utaifa: mwaloni, hikori, mtufaha, na meskiti, ambao ni jamii moja na mti unaoitwa mathenge huko Baringo nchini Kenya.

Turudi kwenye tafsiri. Kuchoma ni kwa moto wenyewe. Kuoka ni kwa joto lililofungiwa. Lakini tunacho kitenzi cha tatu tunachokisahau, kubanika. Kimetokana na kubana, kwa kuwa samaki au nyama hubanwa katika ubano, kijiti kilichopasuliwa, na kuwekwa karibu na moto au juu yake hadi ikauke na kuiva polepole. Wavuvi wa maziwa yetu wangali wakikitumia kila siku. Kwa matini inayohusu kidari cha saa 12, napendekeza "nyama ya kubanika kwa moshi". Kwa sherehe inayofanyika uani Jumamosi, yenye soseji na watoto wakikimbia, "nyama choma" iachwe kama ilivyo.