Jiwe la Bibi wa Himeji

Kutoka Osaka hadi Himeji ni kama saa moja kwa treni ya haraka. Ukitoka tu stesheni unaiona ngome, kule mwisho wa barabara pana iliyonyooka kama rula, nyeupe pepepe juu ya kilima. Wenyewe Wajapani huifananisha na yangeyange.

Weupe ule, msomaji, si urembo tu. Ni lipu ya chokaa, imepakwa juu ya mbao ili moto usishike. Ikeda Terumasa, mkwe wa Tokugawa Ieyasu, aliijenga upya kati ya 1601 na 1609, na aliijenga kwa shari. Njia inapinda, inarudi ilikotoka, inakubana kwenye vilango, na kutani kuna matundu ya mishale na bunduki karibu 1,000. Unatembea huku unajihisi unalengwa shabaha. Ndani unavua viatu, unavibeba mkononi, unapanda ngazi za mbao zilizosimama wima kama za darini.

Na matundu yote yale, bwana! Mwaka 1868 ngome ilirushiwa mizinga michache, ikasalimu amri bila mapambano. Serikali mpya haikuwa na haja na ngome za mabwana, nyingi zikabomolewa. Hii iliombewa na Kanali Nakamura Shigeto mwaka 1878. Miaka 10 baadaye reli ikafika Himeji. Halafu usiku wa Julai 3, 1945, ndege za Marekani zikauteketeza mji. Bomu moja la moto liliangukia ghorofa ya juu ya ngome, halikulipuka. Basi. Lipu yote ile, kumbe mwokozi ni bomu bovu!

Mimi lakini nilisimama zaidi mbele ya jiwe moja ukutani, limefunikwa wavu wa chuma. Eti Toyotomi Hideyoshi, aliyejenga hapo kabla ya Ikeda, alipungukiwa mawe, na bibi mmoja fukara akatoa jiwe lake la kusagia. Watu wakaona, nao wakaleta yao. Hadithi tamu, na watawala wa kila nchi wanazipenda za namna hiyo: raia ametoa kwa moyo mkunjufu! Kwenye kuta hizohizo kuna majeneza ya mawe ya watu wa kale. Wafu hawakuombwa ruhusa. Bibi je, aliombwa?

Jina la Ikeda lipo, la Hideyoshi lipo, kanali ana mnara wake. La bibi halipo. Kila apitaye analipiga picha jiwe lake, nami nikalipiga. Jioni ile alisagia nini?