Umeme na Peptidi: Nasaba Mbili za Kulainisha Uso

Wauzaji wa vipodozi hudai kwamba krimu yenye peptidi inaweza kushika nafasi ya kile kifaa cha umeme hafifu kinachopitishwa usoni. Dai hilo lingekuwa na mashiko kama vitu hivyo vingekuwa na kazi moja, lakini asili zake zinatofautiana tangu mwanzo. Umeme wa usoni ulianzia kwa matabibu. Mwaka 1862 daktari Duchenne de Boulogne alichapisha mjini Paris picha za mzee ambaye uso wake ulikuwa umepungukiwa na hisia, huku akiikaza misuli yake kwa umeme, mmoja baada ya mwingine. Alichotafuta ni namna furaha au hofu inavyoandikwa usoni, si ujana. Picha zake zilionyesha pia kwamba msuli ukivuta, ngozi hujikunja, jambo lisilowapendeza sana wanaouza “mazoezi ya uso”. Zaidi ya hayo, vifaa vya leo hutumia mkondo usiofika sehemu moja ya elfu ya ampea, ambao kwa kawaida haumkazi mtu msuli wowote. Ushahidi unaotajwa sana ni wa mwaka 1982: umeme hafifu uliongeza ATP, nishati ya seli, katika vipande vya ngozi ya panya.

Peptidi zilipitia njia nyingine. Mwaka 1973 Loren Pickart alitenga katika damu ya binadamu GHK, mnyororo wa asidi amino tatu tu, ambao baadaye ulichunguzwa sana katika kuponya majeraha. Miaka ya 1990 ikaonekana kwamba kipande cha asidi amino tano kutoka kwenye kolajeni changa huzichochea seli kutengeneza kolajeni zaidi. Kampuni ya Sederma ya Ufaransa ikakifungia mafuta ili kipenye ngozi, ikakiita Matrixyl. Kisha Lipotec ya Hispania ikaleta Argireline, iliyobuniwa kuiga sehemu ya protini inayokatwa na sumu ya botulinamu. Hapo mgongano unakuwa wazi: kifaa kinaahidi kuuamsha msuli, krimu hii inaahidi kuutuliza.

Itasemwa kwamba mteja hajali njia, anajali kioo. Ni haki yake. Basi tupime matokeo: mwaka 2005 watafiti wa Procter & Gamble walichapisha jaribio la wiki 12 kwa wanawake 93, nusu ya uso ikipakwa krimu yenye peptidi ya Matrixyl na nusu krimu ileile bila peptidi. Tofauti ilionekana, ingawa ndogo, na waliopima ndio wauzaji. Hata hivyo jaribio lile lina kilinganishi, na ngozi ya panya haiwezi kulijibu. Mwenye kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo, anayekatazwa umeme huo, ana sababu ya kuchagua krimu, lakini sababu yenyewe ni usalama wake. Krimu hiyo haitaigusa misuli yake kama alivyoahidiwa na tangazo la kifaa.