Mkazo Unaobaki Ndani ya Chuma: Funzo kutoka Meli ya MV Liemba

Meli ya MV Liemba ya Ziwa Tanganyika iliundwa mwaka 1913 mjini Papenburg, Ujerumani, ikiitwa Graf von Goetzen. Ilifunguliwa, ikapakiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikasafirishwa kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma. Huko iliunganishwa upya kwa ribiti na kushushwa majini Februari 5, 1915. Wajerumani waliizamisha Julai 1916. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924 na kuirejesha kazini mwaka 1927.

Uimara wa chombo cha aina hiyo hutegemea pia jambo lisiloonekana kwa macho, nalo ni mkazo unaobaki ndani ya chuma baada ya kukunjwa au kuchomelewa.

Bamba linapokunjwa kufuata umbo la meli, tabaka la nje huvutwa na la ndani hubanwa. Nguvu ikiondolewa, bamba hurudi kidogo tu, na tabaka zake hubaki zikivutana na kusukumana. Katika kuchomelea, chuma kilichoyeyuka hujikaza kinapopoa huku chuma baridi cha kando kikikizuia. Mawimbi na mzigo vikiongezeka juu ya mvutano huo, ufa huweza kuanza kwenye kiungo.

Januari 16, 1943, meli mpya ya mafuta iitwayo Schenectady ilipasuka karibu vipande viwili ikiwa gatini Portland, Marekani, maji yakiwa shwari. Kasoro za uchomeleaji na mkazo uliobaki vilitajwa miongoni mwa sababu. Uchunguzi wa baadaye kuhusu meli za wakati huo ulibaini pia kuwa chuma chake kilivunjika kwa urahisi penye baridi.

Hata hivyo, mkazo huo ukidhibitiwa huwa na manufaa. Ribiti iliyopigwa ikiwa nyekundu kwa moto hufupika inapopoa na kuyabana mabamba pamoja.

Mafundi huudhibiti kwa njia kadhaa. Huchomelea kwa mpangilio, kuanzia katikati kuelekea kingo, ili chuma kipate nafasi ya kujikaza. Mabamba mazito hupashwa moto kabla ya kazi. Chuma cha kawaida cha kaboni huweza kupashwa hadi nyuzi joto za Selsiasi 550 hadi 650, kisha kupozwa polepole. Aidha, uso wa chuma hupigwa kwa vigololi vidogo vya chuma ili ubaki umebanwa na kuzuia nyufa.

Kwa wamiliki wa vyombo vya chuma Kigoma na Ujiji, kiraka kilichochomelewa kiholela kinaweza kuhamishia udhaifu pembeni mwake, na joto lake huweza kulegeza ribiti zilizo karibu. Matengenezo ya mwili wa chombo hayana budi kufanywa na mafundi wenye sifa na kukaguliwa kabla ya safari. Usimamizi wa usalama wa vyombo vya majini Tanzania Bara uko chini ya Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC).