BARUTI NA LIJAMU YAKE: Historia na Hukumu ya Fataki za Kujitengenezea

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba zake. Amma baad.

Katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, baruti si kitu kigeni. Huko Nyamongo, ambako mgodi mkubwa wa North Mara ulianza uzalishaji mwaka 2002, mwamba wa dhahabu hupasuliwa kwa baruti. Upande wa Serengeti, vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa iliyotangazwa mwaka 1951 vinalijua gobore la kienyeji, linaloshindiliwa baruti kupitia mdomoni na ambalo limetumiwa katika ujangili. Kijana anayekua baina ya machimbo na pori huona mlipuko kuwa ni jambo la kawaida. Mtoto huanza na vichwa vya njiti za kiberiti na kipande cha chuma. Akikua kidogo hutaka kujitengenezea fataki za sikukuu. Hata lugha yetu haikutenganisha mambo haya: fataki ni ile ya kuchezea, na fataki ni kile kiwashio cha gobore na cha baruti ya mgodini.

Je, mchezo huu una hukumu gani? Kabla ya kujibu hatuna budi kurejea katika historia.

Baruti iligunduliwa Uchina katika karne ya 9, na waliohusika ni watu waliokuwa wakichanganya madini wakitafuta dawa ya kurefusha maisha. Walitafuta uhai, wakapata kitu kinachounguza mikono na nyumba. Elimu hiyo ilifika katika nchi za Kiislamu kwa njia za biashara. Ibn al-Baytar, mwanachuoni wa mitishamba kutoka Malaga aliyefariki Damascus mwaka 646 H (1248), aliitaja chumvi inayotumika katika baruti, akaeleza kuwa ikiitwa theluji ya Uchina. Baada yake akaja Hasan al-Rammah wa Sham, aliyefariki mwaka 694 H (1295). Yeye aliandika kitabu cha upanda farasi na zana za vita, akaeleza namna ya kuisafisha chumvi hiyo na vipimo vingi vya michanganyiko.

Tuzingatie jambo moja hapa. Al-Rammah hakuandika kwa ajili ya mchezo. Aliandika katika zama ambazo miji ya Waislamu ilikuwa imevamiwa na Wamongolia na Wapiganaji wa Msalaba, na alisisitiza usafi wa madini na usahihi wa mizani. Kwake baruti ilikuwa fani yenye mafundi wake.

Na katika Sham hiyo hiyo, zama hizo hizo, aliishi Imam an-Nawawi, aliyefariki mwaka 676 H (1277). Katika Hadithi zake Arubaini, zinazosomeshwa katika madrasa zetu mpaka leo, hadithi ya 32 ndiyo ile inayokataza kudhuru na kulipizana madhara. Basi nchi iliyotuletea kitabu cha baruti ndiyo iliyotuletea na lijamu yake. Anayechukua kimoja akaacha kingine huyo amepanda farasi asiye na lijamu.

Huku kwetu, baruti na magobore viliingia bara kwa wingi katika karne ya 19 pamoja na misafara ya biashara ya pwani, biashara iliyochanganyika na ya pembe za ndovu na watumwa. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulijaribu kuzuia silaha hizo. Tanganyika huru nayo ikatunga Sheria ya Baruti mwaka 1963, na kutengeneza baruti bila kibali ni kosa.

Ama upande wa Sharia, dalili ziko wazi. Mwenyezi Mungu (S.W.) ametukataza kujitia katika maangamizo kwa mikono yetu wenyewe (Al-Baqara, 195). Nyumba ilipoungua Madina usiku na watu wake wakiwa ndani, Mtume (S.A.W.) alitutahadharisha kuwa moto ni adui yetu, akaamuru uzimwe kabla ya kulala (Bukhari na Muslim). Vilevile alimwamuru apitaye msikitini au sokoni na mishale aishike ncha zake, asije akamjeruhi Muislamu. Watu wa Mara wanaujua mshale vizuri. Ikiwa mshale, ambao ncha yake huonekana, umewekewa sharti hili, itakuwaje mchanganyiko ambao ncha yake haionekani na unaweza kulipuka kwa msuguano au cheche ndogo tu?

Wapo watakaosema: sikukuu ni siku ya furaha. Ni kweli. Wahabeshi walicheza kwa mikuki yao katika Msikiti wa Mtume (S.A.W.) siku ya Idi naye hakuwakataza. Lakini wale walikuwa wajuzi wa mikuki yao, wakicheza mbele ya macho ya watu. Hawakuwa watoto waliojificha chumbani wakisaga wasichokijua.

Hapa ndipo linapokuja suala la dhamana. Imepokewa kutoka kwa Mtume (S.A.W.) kuwa anayetibu watu hali hajulikani kwa utabibu, atabeba dhamana ya madhara yake (Abu Daud). Kwa kukisia juu ya hadithi hiyo, anayetengeneza fataki bila ujuzi hawezi kujitetea kwa kusema hakukusudia. Nyumba ya jirani ikiungua atalipa, awe jirani huyo Muislamu au si Muislamu. Mtu akifa kwa kosa lake, kuna kafara na diya (An-Nisaa, 92), na diya ya kosa hubebwa na jamaa wa ukoo. Kwa hiyo mchezo wa kijana mmoja unaweza kuwa deni la ukoo mzima.

Tukumbuke pia Mbagala, tarehe 29 Aprili 2009, na Gongo la Mboto, tarehe 16 Februari 2011. Milipuko ile ilitokea katika maghala ya jeshi, yenye walinzi na wataalamu, na roho zaidi ya 20 zilipotea Mbagala pekee. Ikiwa hayo yametokea kwa wenye ujuzi, mwenye kopo na kinu cha nyumbani ana amani gani?

Hatusemi kuwa baruti ni haramu kwa dhati yake. Fundi aliyefunzwa, mwenye kibali, anayepasua mwamba kwa utaratibu, anatafuta riziki ya halali. Tunachokataza ni kujifunza kwa kujaribu, ambapo kosa la kwanza huweza kuondoka na jicho au vidole. Maimamu wa Tarime, Sirari na Mugumu walizungumze jambo hili kabla ya Idi, si baada ya msiba. Walimu wa madrasa, wanapofika hadithi ya 32, wasiishie katika kuihifadhisha tu, bali watoe mfano wa njiti za kiberiti, mtoto atafahamu. Na wazazi wajue kwamba mtoto hana dhambi, lakini mali aliyoiharibu ina mwenyewe, na haki ya mja haipotei.

Wabillahi Tawfiq.