Ketamini

Ketamini ni dawa ya nusukaputi inayotenganisha fahamu na mwili. Mgonjwa hasikii kisu, lakini macho yake hubaki wazi yakichezacheza, na kwa kawaida huendelea kupumua mwenyewe. Kwa hospitali za wilaya kama za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, sifa hiyo ya mwisho ndiyo yenye uzito kuliko zote.

Asili

Iliundwa 1962 na Calvin Stevens, mkemia mshauri wa kampuni ya Parke-Davis, Marekani, ili ichukue nafasi ya fensiklidini, iliyowaacha wagonjwa na mparaganyiko wa akili kwa saa nyingi. Ilijaribiwa kwa binadamu 1964 na kuidhinishwa 1970.

Utendaji

Ketamini huziba vipokezi vya NMDA katika ubongo na uti wa mgongo, hivyo glutamati hushindwa kupitisha ujumbe wa maumivu. Dawa nyingi za usingizi hushusha shinikizo la damu. Hii hulipandisha, ndiyo maana hupendwa kwa majeruhi waliopoteza damu nyingi. Kipimo cha kuanzia mshipani ni miligramu 1 hadi 2 kwa kila kilo ya uzito. Chupa ya mililita 10 yenye miligramu 50 kwa kila mililita humtosha mtu mzima kwa upasuaji mfupi na ikabaki. Usingizi hudumu dakika 10 hadi 20, kisha huongezwa kidogo kidogo. Ini huibadilisha kuwa noketamini, nayo hupunguza maumivu. Mate huongezeka, hivyo atropini huwekwa tayari. Mgonjwa anapozinduka huweza kuweweseka au kuona njozi za kutisha, diazepamu hutuliza.

Watumiaji wa muda mrefu huharibika kibofu cha mkojo.

Sheria

Shirika la Afya Duniani liliiweka katika orodha ya dawa muhimu 1985. China ilipotaka ketamini iwekwe chini ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili, shirika hilo lilipinga, kwa hoja ya haki kwamba vyumba vya upasuaji vya nchi maskini vingeikosa; mwaka 2015 uamuzi uliahirishwa. Ndugu wa ketamini wa maabara za uchochoroni, methoksetamini, hana kazi hospitalini na aliingizwa katika mkataba huo 2016.

Nchini Tanzania usajili na uingizaji wa ketamini kama dawa ya binadamu husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Mihadarati ina sheria yake ya 2015, inayotekelezwa na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya (DCEA).