Mafunjo, Saa 20

Kuna jedwali dogo, mistari minane tu, ambalo wahandisi wa barabara wa Afrika Mashariki wamelitegemea kwa karibu nusu karne wanapoamua ukubwa wa kalavati. Linaeleza ni kwa muda gani ardhi huyashikilia maji ya mvua kabla ya kuyaachia mtoni. Nchi kame: saa 0.1, yaani dakika 6. Malisho yaliyochakaa: nusu saa. Malisho mazuri: saa moja na nusu. Mashamba yaliyoteremka mpaka ukingoni mwa mto: saa 3. Msitu uliosonga hadi bondeni: saa 8. Mstari wa mwisho ni wa kinamasi cha mafunjo. Saa 20.

Aliyewahi kuvuka mabonde ya Uganda hatashangazwa na mstari huo. Cha kushangaza ni kwamba tarakimu hiyo ilipimwa huku huku, ilhali karibu kila kitu kingine katika kazi ya kukisia mafuriko kilikuja kwa meli.

Mwanzo wa kazi hiyo ni Ireland, nchi ya mvua za rasharasha na mashamba yanayotuama maji. Mhandisi Thomas Mulvany, aliyekuwa katika kazi ya kukausha mashamba hayo, alitoa mwaka 1851 makala iliyobeba wazo jepesi lenye nguvu. Mto haufiki kileleni mvua inapoanza. Hufika pale mvua inapokuwa imenyesha muda wa kutosha hata tone lililoangukia pembe ya mbali kabisa ya bonde likute tone la jirani bado linapita mlangoni. Kabla ya hapo, sehemu ya bonde bado haijachangia kitu. Kwa hiyo mvua ya kuogopa si lazima iwe ile ndefu kuliko zote, bali ile inayodumu sawasawa na safari ya tone hilo la mbali.

Mwaka 1889 wazo hilo lilivaa nguo za mjini. Emil Kuichling, mhandisi wa Rochester, jimbo la New York, alikuwa akilinganisha mvua na maji ya mifereji ya chini ya mji wake, akaona kwamba sehemu ya mvua inayoishia mferejini huongezeka kadiri mapaa na barabara ngumu zinavyoongezeka. Ndipo ikaenea kanuni ambayo kila mwanafunzi wa uhandisi wa ujenzi anaijua kwa moyo: kilele ni ukali wa mvua, mara eneo, mara herufi C.

Hiyo C ndiyo kitendawili. Ni sehemu ya mvua inayokimbia bila kunywewa na ardhi. Chukua bonde la kilomita za mraba 10 na mvua ya milimita 60 kwa saa. Ukiweka C ya 0.3, unapata mita za ujazo 50 kwa sekunde, ukiweka 0.6, unapata 100. Mto ni ule ule na mvua ni ile ile, lakini daraja moja limegeuka mawili. Mwanafunzi huitoa C kitabuni. Mhandisi mzoefu huichagua kwa kutazama udongo na, tuseme ukweli, mara nyingine kwa kutazama bajeti.

Hata muda wa ile safari ya tone la mbali una kwao. Kanuni inayotumika sana kuukokotoa ilitolewa na mhandisi Kirpich mwaka 1940, kutokana na vipimo vya mabonde 7 ya mashamba huko Tennessee, kubwa lao likiwa na ekari 112. Mashamba hayo machache ya Marekani yamesaidia kupanga ukubwa wa makalavati ya nchi ambazo wakulima wa huko Tennessee hawakuwahi kuzisikia.

Huku kwetu, mvua za mwishoni mwa 1961, zilizoangukia siku zile zile Tanganyika ikipata uhuru, zilionyesha kwamba mbingu hazifuati vitabu. Ziwa Victoria lilipanda kwa zaidi ya mita 2 kufikia 1964.

Jibu la kitaalamu lilikuja taratibu. Maabara ya Uingereza ya utafiti wa usafiri na barabara, TRRL, kwa kushirikiana na Kenya na Uganda, ilitega vipimo katika mabonde madogo 13 na kukusanya kumbukumbu za miaka 4. Ripoti ya mtafiti wake Fiddes ilitoka mwaka 1976, na ndani yake lilikuwamo lile jedwali. Lilikuwamo pia jedwali jingine, la uoto: msitu ulipewa 0.33, nyasi 1.00, ardhi tupu au iliyolimwa sana 1.50. Yaani ukifyeka msitu wote ukalima, kwa hesabu hiyo eneo linaloleta maji mtoni huongezeka mara nne na nusu.

Watafiti wa TRRL waliheshimu pia jambo ambalo kila mkulima analijua: mvua ya huku huchagua. Shamba hili linalowa chepechepe, la jirani linabaki vumbi. Kwa kanuni yao, mvua ya saa moja juu ya bonde la kilomita za mraba 100 huhesabiwa kwa asilimia 60 tu ya ile inayopimwa katika nukta moja.

Lakini miaka 4 ni michache. Ndiyo maana mhandisi makini, kabla hajafungua kompyuta, hutafuta nyumba iliyo karibu na korongo. Baada ya shikamoo na kukaribishwa kigoda, swali huwa moja: mzee, mwaka ule wa El Niño maji yalifika wapi? Mzee hataji namba. Hunyanyuka, akatembea hadi kwenye mti, akagusa gome usawa wa kifua chake.

Kisha mhandisi anarudi kwenye jedwali na kutazama bonde lililo mbele yake. Mafunjo yamekatwa, mfereji umechimbwa katikati, viazi vimepandwa mpaka ukingoni. Kidole kinapanda mistari miwili, kutoka saa 20 hadi saa 3. Kalavati lililo chini ya barabara liliwekwa wakati wa mafunjo.