Mhariri Aliyezaliwa Redioni

Februari 1940 redio za Marekani zilianza kurusha mchezo wa Superman. Katika vitabu vya katuni shujaa huyo hakuwa ametimiza hata miaka miwili, na mhariri aliyempa kazi Clark Kent, yaani Superman mwenyewe katika sura yake ya mwandishi wa habari, alikuwa George Taylor wa gazeti la Daily Star. Mchoraji Joe Shuster, mzaliwa wa Toronto, alikuwa amelipa gazeti hilo jina kwa kukumbuka Toronto Star ya utotoni mwake. Redio ikamweka Taylor kando. Wiki ile ile ya kwanza wasikilizaji wakamsikia Perry White, mhariri wa Daily Planet, kwa sauti ya mwigizaji Julian Noa. Mwaka haukwisha kabla ya vitabu vya katuni navyo kumpokea.

Naamini ukali wake unatokana na redio. Msikilizaji haoni meza, mashine za taipu wala mlango uliobamizwa. Ila akisikia sauti nzito ikifoka, papo hapo anajua bosi ni nani, habari inayotafutwa ni ipi, na nani ametumwa kuifuata.

Wamarekani walikwisha kumzoea mhariri wa namna hiyo. Mwaka 1928 Ben Hecht na Charles MacArthur, waliowahi kuwa waandishi wa habari Chicago, walipeleka jukwaani tamthilia ya The Front Page. Mhariri wao, Walter Burns, walimchora kwa kumtazama Walter Howey, mhariri halisi wa mji huo. Burns yuko tayari kudanganya na hata kumficha mfungwa aliyetoroka, mradi habari iwe yake peke yake. Perry White alirithi makelele yale, lakini dhamiri ni yake mwenyewe. Mwaka 1946, mchezo huo wa redio ulipotoa mfululizo wa vipindi dhidi ya kundi la kibaguzi lililofanana waziwazi na Ku Klux Klan, Daily Planet ilisimama upande wa familia ya Kichina iliyokuwa ikiandamwa. Hicho kilikuwa kipindi cha watoto, na ujasiri wake ungali unanigusa.

Televisheni ilimpokea mwaka 1952. John Hamilton alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 60 alipoketi kwenye kiti cha mhariri katika Adventures of Superman. Bajeti ilikuwa ndogo, hivyo matukio ya ofisini ya vipindi kadhaa yalipigwa picha kwa mkupuo mmoja, waigizaji wakiwa na nguo zile zile. Hamilton aliapa kwa mzimu wa Kaisari, akamkaripia Jimmy Olsen, kijana wa gazetini mwake, kila alipomwita chifu, na watoto wa Marekani wakakua wakidhani wahariri wote wako hivyo. Alifariki mwaka 1958, mwaka ambao mfululizo huo nao ulifikia tamati.

Waliomfuata walimrithi kila mmoja kwa namna yake. Lane Smith, kuanzia 1993 katika mfululizo wa televisheni wa Lois & Clark, alimfanya mtu wa Kusini anayemhusudu Elvis Presley. Mfululizo wa Smallville ulikwenda mbali zaidi: mwaka 2003 Michael McKean aliingia kama Perry aliyeporomoka, mlevi, anayewinda vioja kwa ajili ya kipindi cha televisheni cha udaku. Ule mwamba wa miaka ya hamsini sasa ulihitaji kuokolewa.

Kisha ikaja sinema ya Man of Steel, 2013, na Laurence Fishburne, mwigizaji wa kwanza mweusi kumwigiza Perry White. Mwandishi wake Lois Lane anamletea habari ya kiumbe kutoka sayari nyingine. Pentagon inakana kwamba kulikuwa na chombo chochote cha angani, na Perry anakataa kuichapa. Lois anaipeleka kwa mwandishi wa mtandaoni, nayo inasambaa bila mhariri wake. Ilikuwa habari ya kweli, lakini kwa ushahidi uliokuwa mezani siku ile, mimi nasema Perry alifanya kazi yake sawasawa.